Sakafu Haikuwamo Kwenye Bajeti

Bajeti ya ujio wa mwalimu ilikuwa na mistari 14, nami ndiye niliyeiandika. Tiketi ya ndege ilikuwamo. Hoteli ilikuwamo, gari la kumtoa uwanja wa ndege lilikuwamo, bango la mita 3 lenye picha yake lilikuwamo, hata kikuba cha asumini cha kumpokelea kilikuwa na mstari wake. Tuliipitisha kwenye kikao cha klabu yetu ya karate hapa Tudor, Mombasa, juu ya sahani ya viazi vya karai, tukapeana mikono kama watu waliokwisha kufanya kazi. Hakuna aliyeuliza habari ya sakafu. Na karate, kwa asiyeijua, huchezwa miguu mitupu. Yote anayofundisha mwalimu huanzia kwenye unyayo.

Jina la klabu nitaliweka kando, na la mwalimu pia. Sifichi kitu, ni kwamba ukikaa barazani na katibu wa klabu yoyote ndogo ya mji huu, iwe ya karate, ya ndondi au ya kuogelea, atakusimulia habari hii hii kwa majina mengine. Mgeni wetu alikuwa Mjapani wa makamo, mwenye ngazi ya dan ya 7, ambaye ameishi Ulaya kwa miaka mingi na huzunguka nchi mbalimbali kufundisha. Mpango ulikuwa siku tatu: Ijumaa jioni mpaka Jumapili, mafunzo asubuhi na jioni, mtihani wa mikanda siku ya mwisho, vyeti, picha, pilau, kwaheri.

Tarehe aliitoa yeye. Alituandikia kwamba ana nafasi mwanzoni mwa Aprili, na mweka hazina wetu, kijana mwepesi wa simu, akamjibu papo hapo: karibu sana. Ilikuwa bado 2023, Aprili inaonekana mbali. Ni mama mmoja, mwenye watoto wawili wa mkanda wa kijani, aliyeusoma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp akajibu kwa neno moja na alama yake: "Ramadhani?"

Alikuwa sahihi. Mwaka 2024 mwezi wa Ramadhani uliingia Machi, na Idd ikaswaliwa Aprili 10. Wengi wa wanafunzi wetu ni Waislamu. Kumpigisha ngumi mtoto aliyefunga, saa kumi za jioni, katika joto la mwisho wa kaskazi, hilo si jambo la kumwandikia mzazi barua. Basi tukasogeza ziara mpaka baada ya Idd, tukajiona watu wa kuona mbali.

Kumbe tulikuwa tumeona hatua moja tu. Baada ya Idd ni Mfungo Mosi, na Mfungo Mosi Mombasa ni mwezi wa harusi. Kila posa iliyokaa kimya Ramadhani nzima inatafuta ukumbi wiki ile ile. Tena ndio wakati wa masika, na masika ya 2024 hayakuwa ya mchezo: Aprili na Mei mafuriko yalichukua nyumba na roho za watu sehemu nyingi za Kenya. Tuliukwepa mwezi, tukaenda kujigonga kwenye mvua na maharusi. Mkeka ukiuvuta upande mmoja, upande wa pili unakunjamana. Hatukutazama upande wa pili.

Nasema hivi nikiwa mtu wa Tudor, na Tudor inajua mipango kuliko mitaa mingi. Pale Barabara ya Tom Mboya kuna majengo yenye matao ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee bado wanayaita Mayome, kutokana na MIOME, taasisi iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kuwapa ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kwa fedha za serikali ya kikoloni, Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora. Mwaka 1966 ikageuzwa kuwa taasisi ya ufundi ya watu wote, 1972 ikawa Politekniki, 2007 chuo kikuu kishiriki, 2013 ikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Waliochora mpango wa kwanza wasingeitambua. Lakini karakana zilibaki karakana, vijana wanaingia asubuhi na kutoka jioni wakiwa na masizi mikononi. Kwa upande mwingine, nyumba za kukodi za baraza la mji hapa Tudor ziliwekwa kwenye orodha ya mitaa mikongwe ambayo kaunti ilipanga kuijenga upya; katika orodha hiyo Buxton ndiyo iliyoinuka kwanza, mingine ikabaki na mikutano. Na uwanja wa manispaa, kule Tononoka, ulibomolewa ili ujengwe wa kisasa, miaka ikapita timu za mji zikihangaika pa kuchezea. Mtoto wa Tudor hajifunzi habari ya utekelezaji wa miradi darasani. Huiona akienda dukani.

Kwa hiyo tungepaswa kujua. Nasi tulikuwa mradi, mdogo kama kikombe cha kahawa, na tuliuandika kama wanavyoandika wakubwa: kwa hesabu ya vitu vinavyotoka nje. Kibali cha kuingia nchini tulikifuatilia wiki mbili, kwa kuwa Kenya ilikuwa imefuta viza Januari ya 2024 na kuweka kibali cha mtandaoni, na hakuna aliyekuwa na uzoefu nacho. Hilo likaenda salama. Vilivyo vyetu, vilivyo chini ya miguu yetu, tulivichukulia kuwa vipo.

*

Ijumaa nitaipita haraka. Hoteli tuliyomchukulia ilikuwa Nyali, ng'ambo ya daraja, kwa sababu ndiko tulikoona kunamfaa mtu mwenye hadhi yake. Mafunzo yalipangwa kuanza saa kumi na nusu, baada ya alasiri. Yeyote anayevuka Daraja la Nyali Ijumaa jioni angeweza kutuambia, na wengi wetu huvuka kila siku, lakini mtu huiacha akili yake ya kila siku nyumbani anapokwenda kuandika mpango. Foleni ikala saa nzima. Mgeni rasmi naye, mheshimiwa ambaye hatukumhitaji ila tulimwalika kwa sababu bango lina nafasi ya mgeni rasmi, alichelewa zaidi ya mwalimu, akahutubia zaidi ya mwalimu. Kufika hapo adhana ya magharibi ikaadhiniwa, watu wakatoka kuswali. Mafunzo ya Ijumaa yakawa dakika 40.

Kuna jambo moja la Ijumaa sitalipita. Katika dojo nyingi duniani, yaani kumbi za karate, wanafunzi hupiga magoti na kuinama mpaka paji la uso likaribie sakafu, wakielekea picha ya mwasisi iliyo ukutani. Kwa Mwislamu kuinama namna hiyo kuna mwenyewe. Klabu yetu ilipata suluhisho lake zamani: tunasimama, mkono wa kulia kifuani, tunatikisa kichwa kidogo, na ukutani hatutundiki picha. Hofu yetu ilikuwa mwalimu atachukuliaje. Niliandika barua pepe ya kumweleza mara tatu, nikaifuta mara tatu. Ijumaa ile alisimama mbele ya mistari yetu, akaona mikono ya watoto vifuani, akatulia kama pumzi mbili, kisha akaweka wa kwake kifuani. Tukaanza. Kitu tulichokipangia mikutano miwili kilikwisha kabla sijameza mate. Mabinti wetu wa hijabu nao hatukuhitaji kuwasemea. Shirikisho la dunia lenyewe lilishawaruhusu kushindana nayo tangu 2013.

*

Jumamosi ndiyo siku ninayopenda kuisimulia, kwa sababu ndiyo siku iliyoharibika zaidi.

Ratiba ilisema: saa tatu mpaka saa sita, kata za juu. Wakubwa wetu wa mkanda mweusi walikuwa wamejifua miezi mitatu. Wengine walitoka Kilifi na Malindi kwa matatu za alfajiri, kila mmoja na kata yake, mfululizo mrefu wa hatua za kuruka na kugeuka hewani, aitazamwe na jicho linalojua. Mwalimu akasema: Heian Shodan.

Heian Shodan ni alifu. Ina hatua 21, na mtoto wa mkanda wa njano anaimaliza huku akiwaza mabuyu. Niliona nyuso za wakubwa zikianguka. Alitufanyisha Heian Shodan asubuhi nzima.

Ilikuwa baadaye, nikisoma habari za kata hiyo, ndipo nilipoona kwamba nayo ilizaliwa kama mradi. Itosu Anko, mwalimu wa Okinawa, ndiye anayetajwa kutunga mfululizo huo mwanzoni mwa karne ya 20 ili karate iingie shuleni. Mwaka 1908 aliiandikia serikali waraka wa kueleza faida zake. Kabla ya hapo karate ilikuwa ya mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, usiku, uani. Kuipeleka shuleni kulitaka igeuzwe: mistari ya watoto, hesabu ya sauti, hatua zilizofupishwa, mambo ya hatari yaliyofunikwa. Mradi ulifaulu, na kwa kufaulu ukakibadilisha kile kile ulichokuja kukieneza. Mpaka leo, Tudor, tunahesabu kwa Kijapani kwa sababu ya waraka ule.

Basi turudi ukumbini. Kiingereza cha mwalimu kilikuwa cha maneno machache, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Akajigusa mahali mkanda unapofungwa, akasema nguvu yote inatoka hapa. Nikatangaza kwa sauti ya mnadani:

"Nguvu inatoka kiunoni! Tumieni kiuno!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Kiuno kwetu kina kazi yake na ngoma yake. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu, amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki na leso zake mbili, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Hilo nalo la kufunzwa na Mjapani? Si mungewaita watu wa chakacha?"

Nikaona haya, nikabadili nikasema "nyonga". Kicheko kikakatika, na maana nayo ikakatika. Kwa watoto nyonga ni mahali babu anapoumwa.

Ndipo mvua ikaingia. Paa la ukumbi ni mabati, bila dari, na mvua ya masika juu ya mabati haikupi nafasi ya kusema neno na jirani yako sembuse kuhutubia watu 60. Mwalimu akahesabu, hakuna aliyesikia. Akanitazama, nami nikafungua mikono: ukalimani umekwisha. Kwenye mpango wetu kulikuwa na kipaza sauti cha kukodi, na kilikuwapo, na stima ilikuwa imepotea tangu saa tatu.

Alichofanya ni hiki. Alivua mkanda wake, mweusi uliochakaa mpaka nyuzi nyeupe zinaonekana, akamzungushia kijana wa mstari wa mbele chini ya tumbo, akaushika ncha mbili kwa nyuma, akamwashiria apige. Kila kijana alipotupa mkono peke yake, mkanda ulikaa legevu. Mara mwili wake wa kati ulipotangulia, mkanda ulikazika ukamvuta mwalimu mbele hatua nzima. Kijana akageuka amefumbua macho. Mwalimu akamkabidhi mkanda ule, akaenda kwa mwingine. Ndani ya robo saa kila mtu alikuwa amemfunga mwenziwe, wanavutana kama mbuzi wa sokoni, bila neno, bila hesabu, juu yetu mabati yanaunguruma. Yule bibi alikuwa amesimama. Mjukuu wake alipofika karibu na mlango alimshika mabega kwa mikono yake miwili akamrekebisha, na Wallahi alimrekebisha sawasawa.

Mimi, mkalimani, nilikaa. Ilikuwa saa moja na nusu bora kuliko zote nilizoziona katika ukumbi ule, na hakuna hata dakika moja yake iliyokuwa kwenye ratiba.

*

Sasa fedha, maana ndiyo inayoficha ubovu wa mipango ya aina hii.

Klabu ndogo haina mfadhili. Kadi za mchango zilizunguka, wazazi wakatoa walichonacho, na bado pengo likabaki la kutisha. Pengo hilo katika bajeti yangu lilijazwa na mstari mmoja: ada za mtihani. Kila anayetaka mkanda mpya analipa, na wa mkanda mweusi analipa zaidi kwa kuwa cheti chake kinasajiliwa nje. Watahiniwa wengi, pengo linazibika. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa safi.

Tazama lakini tulichokuwa tumekipanga bila kukisema. Tulikuwa tumemleta mtu kwa heshima ya jicho lake kali, kisha tukaijenga safari yake juu ya matumaini kwamba jicho hilo litakuwa laini siku ya Jumapili. Mzazi aliyelipa anangoja mkanda. Asipoupata, mwakani halipi. Hakuna aliyemwambia mwalimu apitishe watu, hatukuthubutu. Ila wakati wa chakula cha mchana mweka hazina alimsogelea akamweleza, kwa adabu zote, jinsi vijana walivyojitolea na jinsi wazazi walivyojinyima. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kula mahamri yake.

Ngazi hizi za dan zenyewe ni za kuazima. Kano Jigoro alizianzisha kwenye judo mwaka 1883, na Funakoshi Gichin alitoa za kwanza za karate 1924, miaka miwili tu baada ya kufika Tokyo. Mapema sana, ukifikiri, mkanda ulikwenda sambamba na mafunzo. Sisemi ni vibaya. Mtoto wa miaka 10 anahitaji kitu cha kushika. Nasema tu kwamba kitu cha kushika kikishakuwa ndicho kinacholipia tiketi, kinakuwa na mkono wake kwenye usukani.

Jumapili, kati ya watahiniwa 7 wa mkanda mweusi, alipitisha 2. Kwa kila aliyebaki alitumia neno la Kiswahili alilokuwa amejifunza kwetu Ijumaa: "Bado." Hakulitamka kwa ukali. Alilitamka kama mtu anayeangalia chungu jikoni. Baba mmoja alikuja juu, akanishika mkono pembeni: "Bwana katibu, mimi nimelipa." Nilikuwa sina la kumjibu, kwa sababu mstari ule wa bajeti ulikuwa wa mwandiko wangu. Mtoto wake ndiye aliyemvuta: "Baba, twende. Amesema bado, hajasema hapana."

*

Nimeruka asubuhi ya Jumapili makusudi, maana ndiyo niliyokuwa naiendea.

Usiku wa Jumamosi ukumbi ulikuwa na harusi. Tuliambiwa tangu mwanzo kwamba ukumbi ni wetu siku zote tatu, na aliyetuambia alisahau, au alikumbuka bei nyingine, tuyaache hayo. Saa mbili asubuhi tulifungua mlango. Wali ulikuwa umekanyagwa ukagandamana. Samli, soda, maua ya asumini yaliyokwisha kuwa kahawia, vipande vya keki, na viti 200 vimesimama popote vilipoachwa. Unyayo ukiuweka unanata, ukiutoa unalia. Watoto wamekwisha kuvaa gi, sare nyeupe za karate, wamesimama nje kwenye kibaraza.

Mweka hazina akaanza kupiga simu kutafuta wa kulipwa asafishe. Jumapili, saa mbili. Mimi nilikuwa najiandaa kumwambia mwalimu asubiri hotelini, lakini alikuwa amekwisha kufika. Baada ya foleni ya Ijumaa alikataa Nyali, akaomba chumba popote karibu, akalala kwa mzazi mmoja mtaa wa pili. Alisimama mlangoni, akatazama. Akavua viatu, akavipanga pamoja, ncha nje. Akaingia, akatazama huku na huku, akaona ufagio wa chelewa umeegemezwa ukutani, akauchukua.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo tunaitumia kumcheka mgeni asiyejua kuondoka. Sikuwahi kumwona mgeni akilitafuta jembe mwenyewe, siku ya tatu kamili, tena amevaa mkanda mweusi.

Watoto walipomwona walimiminika ndani. Viti vikatoka. Maji ndiyo yakawa tatizo, kwa kuwa mfereji ulikuwa mkavu na tangi tulilimaliza Jumamosi. Mitungi ya mkokoteni tuliyonunua ilikuwa ya kunywa. Lakini usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, na mtu mwenye akili, nadhani yule bibi, alikuwa ameacha ndoo mbili na beseni chini ya mchirizi wa mabati. Mvua iliyotunyamazisha Jumamosi ndiyo iliyotuoshea sakafu Jumapili. Mji huu, ulio kisiwani na uliokuwa bado unangojea bwawa la Mwache likamilike huko Kwale ili upate maji ya kutosha, bado huoga kwa mchirizi.

Mwalimu aliomba vitambaa. Leso kuukuu zikachanwa. Akawapanga watoto mstari mmoja ukutani, kila mmoja amechutama, viganja viwili juu ya kitambaa, makalio juu, akapiga kofi, wakasukuma mbio mpaka ukuta wa pili. Wanaoijua Japani wanasema ndivyo wanavyosafisha shule na dojo huko. Kwetu ikageuka mashindano, kelele hadi barabarani. Na hapo ndipo mmoja wa wakubwa wetu, aliyekuwa amenuna tangu Heian Shodan, alipoinama naye akajaribu, akaanguka kifudifudi katikati ya njia, kwa kuwa kiuno chake kilikuwa juu mno. Akacheka peke yake, akarudi mwanzo.

*

Nilipata baadaye kufikiri sana juu ya ufagio ule. Funakoshi mwenyewe, ambaye nusu ya karate ya dunia inamtaja kama baba, alikwenda Tokyo 1922 kwa maonyesho tu. Alikuwa mwalimu wa shule wa Okinawa, umri umepita miaka 50, na mpango wake ulikuwa kurudi nyumbani upesi. Kano akamwomba aonyeshe Kodokan, ukumbi wake wa judo, wengine wakamwomba abaki kidogo, kidogo ikawa maisha. Alipata pa kulala Meisei Juku, bweni la wanafunzi wa Okinawa, na ili aishi alikuwa bawabu wa bweni hilo, mtunza bustani na mfagiaji wa vyumba. Mchana vyumba, jioni karate. Ziara iliyopangwa wiki chache ikawa mtindo uliofika mpaka hori ya Tudor.

Nikitazama jirani zetu naona jambo hilo hilo. Mwaka 1973, mwaka ambao filamu ya Bruce Lee ya Enter the Dragon iliwatoa vijana wa dunia nzima sinema wakirusha mateke, Mmarekani Mweusi aitwaye Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu kwenye shule ya Zanaki, Dar es Salaam. Hakuja na bango. Alikuwa anaishi pale, katika jiji ambalo enzi za Nyerere liliwavuta watu wengi wa asili yake, na dojo hiyo ikajulikana kama Hekalu la Kujilinda. Wanafunzi wa wanafunzi wake wanafundisha mpaka leo. Unguja, Mjapani Shimaoka Tsuyoshi amefundisha judo tangu miaka ya 1990, na kabla ya hapo na wakati huo huo alikuwa na shughuli zake za kuishi kama mtu mwingine yeyote wa kisiwa. Na mwaka 1965 chama cha karate cha Japani kilipotuma walimu wanne, Kase, Kanazawa, Enoeda na Shirai, kuzunguka nchi za nje kwa maonyesho, kilichoiotesha karate huko ni kwamba baadaye walihamia. Enoeda alikaa Uingereza, akianzia Liverpool, mpaka alipofariki 2003.

Hatuwezi kumwambia kila mgeni ahamie Tudor. Wetu alikuwa na tiketi ya Jumatatu. Ila mtu wa siku tatu hawezi kuacha mtindo, wala mkanda, wala bango. Anaweza kuacha kitu kimoja kidogo, cha kushikika, na swali la mpango lilipaswa kuwa nani kapangiwa kukishika. Katika mistari yangu 14 hapakuwa na mtu wa kuandika. Kila mmoja alidhani simu zinarekodi.

Zilirekodi, kweli. Zilirekodi mgeni rasmi, vyeti, mwalimu na pilau. Ya Jumamosi kuna vipande vifupi, giza, na sauti ya mvua. Haikupita miezi miwili wakubwa wawili wakagombana kuhusu kisigino cha nyuma katika mkao wa mbele: mmoja asema mwalimu alitaka kikae chini daima, mwingine asema alikiacha kiinuke kidogo wakati wa kusukuma. Kila mmoja alikuwa karibu naye, kila mmoja ameona. Ugomvi ulifika mahali pa mmoja kuacha kuja.

Aliyetuokoa ni binti wa darasa la sita ambaye Ijumaa aliteguka kifundo cha mguu. Kwa siku mbili zilizobaki alikaa mlangoni karibu na yule bibi, hana la kufanya, akachora. Daftari la hesabu, kalamu ya bluu: nyayo, mishale, mkanda ulivyopita kiunoni, nani alirekebishwa nini. Ukurasa mmoja una kisigino kikubwa kama jahazi na maneno chini yake kwa herufi kubwa: KISIINUKE. Pembeni, kwa herufi ndogo: "wakubwa wanainua". Hakuna aliyemtuma. Siku hizi tukibishana anaitwa, naye huja na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki, analifungua taratibu, anajua thamani yake.

Tumeanza kupanga ziara nyingine. Mama wa Ramadhani ametuma picha ya kalenda ya Kiislamu kwenye kundi kabla hata hatujataja mwezi. Wazazi wa watoto watano walioambiwa bado wamesema watalipa wakiona tarehe. Mimi nimechukua karatasi, na mstari wa kwanza nimeandika: sakafu. Mweka hazina akataka bei yake. Nikamwambia aweke sifuri kwanza, akakataa, akasema bajeti yenye sifuri juu kabisa haitapita kikaoni. Tunabishana mpaka sasa, na hatujafika kwenye ndoo.